Mzee Gurdip, Asidi Yako Ilikuwa Sahihi

Mzee wangu Gurdip,

Asidi yako ilikuwa sahihi. Naanza na hilo kabla ya salamu, maana najua ungekuwa hapa ungenikatiza salamu uniulize kwanza namba zimetokaje. Zimetoka sawa. Ile chupa kubwa uliyoichanganya kabla hujalazwa, yenye mwandiko wako wa kulalia upande, ukolezi wake ni 0.1 kamili, kama ulivyoandika. Nimeipima mara nne.

Sasa salamu. Mimi ni mzima. Mkeo, Mama Manjit, naye anaendelea. Nilimwona Jumapili iliyopita pale Southall, amepungua kidogo lakini anakula. Chumba chetu cha maandalizi pale shuleni kipo vilevile, nyuma ya maabara ya pili, na dirisha bado halifungi vizuri. Kilichobadilika ni kwamba mle ndani hakuna tena Kiswahili. Siku nzima naweza nisitamke neno moja la lugha yangu, mpaka nifike nyumbani Wembley nimpigie dada simu. Sikujua kwamba nitalikosa hilo kuliko vyote. Nilidhani nitamkosa mwalimu. Kumbe nimemkosa pia mtu wa kumuuliza maswali ya kijinga kwa lugha ninayootea ndoto.

Hapakuwa na mtu mwingine London hii aliyenifundisha kemia kwa Kiswahili, tena Kiswahili kile chako cha Nakuru, cha gereji ya baba yako, ambacho hukukirekebisha tangu uondoke kijana. "Mimi hapana amini macho. Mimi naamini mizani." Nilikucheka sana. Ukanijibu kwamba nyinyi watu wa Morogoro mnaongea vizuri lakini mnapima vibaya.

Na ni kweli nilikuwa napima vibaya. Unakumbuka siku ya kwanza? Mimi mfanya usafi, nimesimama kwenye korido na ndoo, naongea na dada kwa simu huku namimina dawa ya sakafu kwenye maji. Ukatokea mlangoni na kilemba chako cha bluu na koti jeupe, ukaniuliza kwa Kiswahili ndoo ile ni lita ngapi. Nilishtuka nikakata simu bila kuaga. Nikasema lita kumi. Ukauliza dawa nimetia kiasi gani. Nikakuonyesha kwa kidole kwenye chupa: mpaka hapa. Ukachukua chupa, ukasoma maandishi madogo ya nyuma ambayo miaka miwili sikuwahi kuyasoma, ukaniambia kwamba sehemu moja ya dawa inataka maji sehemu hamsini, kwa hiyo lita kumi zinatosha kwa mililita mia mbili tu, na mimi nimetia karibu mara tatu yake. Ndiyo maana mikono ilikuwa inaniwasha. Nilikuwa nimeshaonana na daktari mara mbili kwa ile mikono.

Kuanzia siku ile ukawa unaniita dakika kumi kila nikimaliza zamu. Ulianza na chai. Ukasema sukari vijiko viwili kwenye kikombe na sukari vijiko viwili kwenye birika ni sukari ileile, lakini chai moja imekolea na nyingine haijakolea. Basi kila unapoona mmumunyo, usiulize kuna kitu gani ndani, uliza kimo kiasi gani katika maji kiasi gani. Halafu ukaja kwenye moli, na hapo niligoma kwa wiki nzima. Ukaniuliza kwetu boriti zinauzwaje. Nikasema kwa korija, boriti ishirini. Ukasema moli ni korija ya chembe, ila kubwa mno, basi. Korija ya boriti na korija ya fito hazina uzito mmoja, ingawa zote ni ishirini. Soda ya maabara, ule unga mweupe, korija yake ina gramu 106. Maji, gramu 18. Chembe huwezi kuzihesabu kwa vidole, kwa hiyo unazihesabu kwa mizani. Nilitoka pale nikapanda basi la kurudi Wembley nikawa nimepitiliza kituo.

Miaka mitatu ya dakika kumi kumi. Kisha ukanisemea kwa mkuu wa idara ya sayansi, nikavuliwa aproni ya usafi nikapewa koti, fundi sanifu msaidizi wa maabara. Wiki ya tisa ya koti langu, ukaugua. Ya kumi na mbili tukawa tumesimama kwenye chumba cha kuchomea maiti, mimi na walimu watano na ndugu zako wote, na Mama Manjit akanishika mkono akaniita binti mbele ya watu. Sikuweza kusema kitu siku ile. Ndiyo maana naandika.

Nikueleze sasa kilichotokea, kwa mpangilio, kama ulivyokuwa ukitaka.

Ilikuwa Jumatatu. Mwalimu Harriet, yule mpya wa kemia aliyeanza muhula ule ulipougua, alitaka darasa lake la mwaka wa mwisho wafanye kile kipimo cha kudondosha asidi kwenye soda mpaka rangi igeuke. Akaniomba niandae lita mbili za soda yenye ukolezi wa moli 0.05 kwa lita. Nilifurahi kwa sababu ilikuwa hesabu yangu ya kwanza peke yangu. Nikakaa kwenye kiti chako. Lita mbili mara 0.05 ni moli 0.1. Moli 0.1 ya soda ni gramu 10.6. Nikaipiga tena kwenye kikokotoo, nikaipiga na kwa kalamu. Kopo letu la soda la kila siku lilikuwa limebaki vumbi tu chini, kwa hiyo nikapanda ngazi nikashusha chupa ya kioo iliyokuwa nyuma kabisa ya rafu ya juu. Unga mweupe, lebo inasema soda. Nikapima gramu 10.6, nikayeyusha, nikajaza maji mpaka kwenye mstari, macho yangu yakiwa usawa wa mstari kama ulivyonifundisha. Asidi nikatumia yako, ile chupa kubwa.

Hesabu yake unaijua hata usingizini. Soda moja inakula asidi mbili. Wanafunzi wanachukua mililita 25 za soda, ndani yake kuna moli 0.00125, zinataka asidi mara mbili yake, moli 0.0025, na kwa asidi yako ya 0.1 hizo ni mililita 25 kamili. Nzuri, rahisi, namba inayofanana pande zote. Mwalimu Harriet alikuwa ameipanga makusudi itoke hivyo.

Ikatoka 21.4.

Meza ya kwanza 21.4, ya pili 21.35, ya tatu 21.4. Halafu, Mzee, ghafla meza ya nne wakapata 24.9, na ya tano 25.0. Nilikuwa nimesimama nyuma na trei ya bureti za akiba, ile mirija ya kudondoshea, na niliwaona kwa macho yangu. Walishajua jibu linatakiwa kuwa ngapi, wakafuta walichosoma wakaandika kilichotakiwa. Mwalimu hakuona. Mimi niliona nikanyamaza, nikijiambia mimi si mwalimu.

Kuna msichana mmoja anaitwa Neema, wazazi wake ni wa Goma, wanakaa Barking na kila asubuhi anavuka mji mzima kuja hapa. Anaelewa Kiswahili chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Huyu alikuwa meza ya tatu. Alirudia mara tatu, akapata 21.35, 21.4, 21.35, na hakufuta. Saa ya chakula akaja mlangoni kwetu na daftari lake, akaniuliza kama ni yeye aliyekosea. Nikamwambia hapana, mkono wako uko sawa, usomaji wa namna hiyo hauwezi kuwa bahati mbaya. Akauliza, basi nini kimekosea? Nikasema sijui.

Mchana huo Mwalimu Harriet akaja na karatasi zake. Ni mtu mzuri, nisimseme vibaya. Ana haraka tu na ana madarasa sita. Alishapiga hesabu upande wa pili: kama soda ni sahihi, basi asidi ni 0.117, imezidi ukali. Akatazama chupa yako, akatazama mwandiko. Akasema kwa upole kwamba Mzee alikuwa mgonjwa alipoichanganya, si ajabu mkono uliteleza, na kwa hiyo hatuwezi kuamini chochote ulichokiacha kwenye rafu. Gari la kukusanya kemikali chakavu lingepita Ijumaa. Akaniagiza nitoe chupa zote zenye mwandiko wako ziende.

Chupa zote, Mzee. Zilikuwa thelathini na moja. Nilizihesabu nikiwa nazifuta vumbi.

Sikubisha. Nilikuwa kwenye majaribio ya kazi bado, miezi sita, na Kiingereza changu kinanikimbia nikiwa na hasira. Lakini usingizi wa basi ulikataa kuja siku ile. Nilikuwa nawaza kwamba ile 21.4 haisemi asidi ni kali. Inasema tu kwamba hawa wawili hawakubaliani. Huenda asidi imezidi, na huenda soda imepungua. Ukiwatazama wawili peke yao huwezi kujua nani anasema kweli. Anatakiwa wa tatu.

Jumanne nilifika mapema nikamtafuta wa tatu. Tulikuwa na chupa ya maji ya magadi makali ya dukani, yale ya kutengenezea sabuni, haijafunguliwa, ukolezi umechapishwa na kiwanda: 0.1. Huyo na asidi wanakulana moja kwa moja. Nikaweka mililita 25, nikatia matone mawili ya rangi, nikaanza kudondosha asidi yako. Nilipofika 24 nikapunguza kasi. 24.5. 24.8. Tone, tone. Rangi ikageuka kwenye 25.0. Nikarudia. 25.05. Nikarudia tena mara mbili, nikakaa chini.

Ulikuwa hujakosea. Mkono wako ulikuwa unatetemeka wakati ule, niliuona, lakini asidi haikutetemeka.

Basi ni soda. Lakini soda imepunguaje wakati gramu ni zilezile? Hapo ndipo udadisi uliponishika, na nakiri nilisahau kila kitu kingine, hata gari la Ijumaa. Nilichukua ile chupa ya kioo nikaitazama kama ambavyo sikuitazama Jumatatu. Unga mweupe, mkavu, haunuki. Kifuniko kina ufa mdogo ukingoni. Nikakumbuka ulivyosema kwamba kitu kikikudanganya kwa macho, kipashe moto uone kinakimbiza nini.

Jumatano, kipindi ambacho maabara ilikuwa tupu, nikapima gramu 5.00 za ule unga kwenye kikombe cha kauri, nikawasha moto wa gesi chini yake. Mwanzoni hakuna kitu. Kisha kioo nilichokishika juu yake kikapata ukungu, halafu vitone. Maji, Mzee! Kutoka kwenye unga mkavu unaopeperuka ukiupuliza. Nikaacha upoe, nikapima, nikapasha tena, nikapima tena mpaka namba ikakataa kushuka. 4.27.

Nikachukua kalamu. Kilichoondoka ni gramu 0.73 za maji. Gawanya kwa 18, moli 0.0406. Kilichobaki ni gramu 4.27 za soda. Gawanya kwa 106, moli 0.0403. Nilizitazama zile namba mbili muda mrefu. Zinalingana. Kila chembe moja ya soda ilikuwa imekumbatia chembe moja ya maji. Nilipopima gramu 10.6 nilidhani zote ni soda, kumbe sehemu yake ilikuwa maji yaliyojificha, na ndiyo maana ilitosha kula asidi mililita 21.4 tu. Nikajaribu kwa uhakika: 4.27 gawanya kwa 5.00, mara 25. Jibu likatoka 21.35. Namba ya Neema.

Nilicheka peke yangu mle ndani. Kisha nikageuza chupa nisome lebo vizuri, ili nijue nani aliiandika, na kicheko kikakauka.

Mwandiko ni wangu.

Si wako, Mzee. Herufi zangu za duara za shule ya msingi. Na nikakumbuka kila kitu. Ulikuwa mwezi wangu wa kwanza wa kuja dakika kumi kumi, kabla hata ya koti. Pakiti ya soda ya mabonge ilikuwa imechanika, ukaniambia niihamishie kwenye chupa. Ilikuwa vipande vinavyopitisha mwanga, kama barafu iliyovunjwa. Nikakuuliza kwa nini kwenye pakiti, baada ya jina, kuna nukta halafu maji kumi. Ukasema, "Maji iko ndani, lakini hapana loa." Nikavigusa, vikavu kabisa. Nikaona mzee wa watu ananitania. Ukasema kutoka kwenye meza yako, bila kugeuka, "Andika jina yote, Rehema." Na mimi, kwa kuwa lebo ilikuwa ndogo na sikuamini hayo maji, niliandika mpaka kwenye nukta nikaishia hapo. Ukaipandisha juu ukijua ndani kuna mabonge, ukaendelea kutumia kopo lako la kila siku. Hukuwahi kuigusa tena. Miaka yote hiyo, kupitia ule ufa, maji yalikuwa yanaondoka kidogo kidogo, tisa kati ya kumi, mpaka mabonge yakawa unga, na unga ukanisubiri mimi mwenyewe niushushe.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia hata dada. Sikwenda kwa Mwalimu Harriet siku ile. Nilikunja karatasi yangu nikaiweka mfukoni. Nilijiambia kwamba wewe umeshatangulia, hakuna anayeweza kukuandikia barua ya onyo, bali mimi wangeweza kunirudisha kwenye ndoo na fagio. Wao wenyewe wameshasema ni wewe. Mimi sijasema uongo wowote. Nikinyamaza tu, limekwisha. Ndivyo nilivyojiambia, na nikaanza kupanga chupa zako thelathini na moja kwenye maboksi.

Alhamisi Neema akaja tena. Aliona maboksi. Akaniuliza kwa Kiingereza chake cha haraka, kwa hiyo ni kweli, yule mzee wa kilemba ndiye aliyekosea asidi? Ulikuwa ukimpa kalamu kila akisahau, alinikumbusha.

Nikatikisa kichwa kukubali.

Sikutamka neno. Nilitikisa kichwa tu, na yeye akasema aah, akaondoka, na nikaona kabisa jinsi alivyolichukua lile jibu akaliweka mahali, kama anavyoandika vipimo vyake, bila kufuta.  Mtoto wa watu amekataa kudanganya kuhusu kitone kimoja cha asidi, na mimi nimemdanganya kuhusu mtu mzima. Nilimfuata. Nilimkuta kwenye ngazi. Nikamwambia kwa Kiswahili, kwa kuwa kwa Kiingereza nisingeweza, "Neema, nimekudanganya. Mzee hakukosea. Niliyekosea ni mimi." Alinitazama sana. Akaniuliza nimejuaje. Hakuuliza kwa nini nilidanganya, aliuliza nimejuaje. Nikamtolea ile karatasi mfukoni, tukaisoma pale kwenye ngazi, na alipofika kwenye 21.35 akaweka kidole juu yake, akatabasamu.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Harriet kabla miguu haijaghairi. Nilimweleza yote, asidi, magadi, moto, lebo. Nilimwambia pia kuhusu zile meza mbili za 25, kwamba niliona nikanyamaza. Kiingereza changu kilikuwa kimekunjamana lakini namba zilikuwa zimenyooka. Alisoma karatasi mara mbili. Kisha akasema kwamba alikwisha kumwandikia mkuu wa idara kuwa tatizo lilikuwa asidi ya Mzee, na kwamba atamwandikia tena sasa hivi, mbele yangu. Akaandika. Akanisomea.

Sikuachwa hivihivi. Mkuu wa idara aliniita, mtu wa haki lakini mkavu, akasema lebo pungufu kwenye maabara ya shule siku nyingine inaweza kumdhuru mtoto. Ameandika maelezo kwenye faili langu, na majaribio yangu yameongezwa miezi mitatu. Nimekubali, maana anasema kweli. Jioni ile nilipofika nyumbani nililia, si kwa ajili ya faili. Nililia kwa sababu kwa siku nzima ya Jumatano mpaka Alhamisi mchana nilikuwa nimekuacha peke yako.

Gari la Ijumaa lilichukua ile chupa yenye ufa, kifuniko chake, na makopo mawili yaliyokwisha muda. Zako zote zipo. Nilizirudisha moja moja, na Mwalimu Harriet akanisaidia kuzipandisha. Alisimama muda akisoma zile noti ndogo ulizokuwa ukiandika chini ya kila jina, nani kaichanganya, kwa mizani ipi, siku ya mvua au ya jua. Akaniuliza kwa nini mvua. Nikasema kwa sababu kuna vitu vinavyokunywa unyevu wa hewa. Akaandika kwenye daftari lake.

Halafu akanifanyia kitu nilichokiogopa kuliko barua ya onyo. Akaniambia Jumatatu nisimame mimi mbele ya darasa niwaeleze. Nilikataa mara mbili. Jumatatu nikasimama. Nilisema lugha yangu haitoshi, naomba wanivumilie, na wakipotea watazame ubaoni. Nikaandika 21.4 kubwa katikati ya ubao, nikawauliza, nani anadanganya, asidi au soda? Wakagawanyika nusu kwa nusu. Nikawaacha wabishane. Nilitumia korija yako, Mzee. Hawajui boriti ni nini, nikawachorea nguzo. Tulipofika kwenye moli mbili zinazolingana, soda na maji, kalamu zikaanza kukimbia kwenye madaftari, nikajua wamefika. Kijana mmoja wa meza ya tano akanyoosha mkono, masikio mekundu, akasema kipimo chao halisi kilikuwa 21.4. Mwalimu Harriet akamshukuru tu, akamwambia akiandike.

Na Neema akauliza swali lililoniua. Kama soda ilianza na maji kumi, kwa nini yameondoka tisa? Kwa nini chembe ya mwisho imebaki? Nikamtazama Mwalimu Harriet, naye akanitazama. Akasema hajui, atasoma. Mimi pia sikujua.

Kwa hiyo tumeagiza mabonge mapya. Nimeweka gramu 10.00 kwenye kisahani, juu ya rafu karibu na dirisha letu bovu, mahali ambapo joto la mabomba ya ukutani hukausha hewa, na kila asubuhi napima. Kabla ya kuanza nilipiga hesabu nikaibandika ukutani watu waione: mabonge yana gramu 286 kwa moli, soda yenye chembe moja ya maji ni 124, basi kama swali la Neema lina msingi mizani itashuka, itashuka, na itasimama kwenye 4.34. Watu walianza kupita kuchungulia, mpaka mwalimu wa historia. Vipande vilikuwa na ukungu mweupe siku ya pili, siku ya tano vikawa kama chaki. 8.91. 7.6. 6.02. 4.8. Juzi 4.36. Jana 4.34.

Leo asubuhi nimepima tena. 4.34. Imesimama.

Nikageuka kukuambia. Niligeuka kabisa, Mzee, mdomo umeshafunguka, neno la kwanza limeshatoka, kwenye kona ambako hakuna mtu tena.  Kisha nikatoka kwenye korido, nikagonga mlango wa Mwalimu Harriet, nikamwambia kwa Kiingereza changu kilekile kwamba imesimama, nataka kujua kwa nini. Akaacha kusahihisha, tukaja wote kuitazama. Kuna chuo kwetu Wembley kina darasa la kemia la watu wazima kila Jumamosi. Alikuwa ameshanichapishia fomu, nimeijaza leo saa ya chakula. Penye sababu ya kujiunga niliandika: kwa nini maji ya mwisho hayaondoki.

Basi pumzika, Mzee Gurdip. Nakuahidi mambo mawili na sitaongeza la tatu. Kosa langu nitalibeba mimi, halitalala tena kwenye jina lako. Na maswali yangu, niliyokuwa nakuuliza wewe tu kwa sababu ulikuwa hunicheki, nitayauliza kwa sauti, kwa lugha yoyote itakayokuwepo chumbani, hata nikiitamka vibaya.

Kwaheri, mwalimu wangu.

Ni mimi,
Rehema